Mita Moja, Familia Sita

Hotuba kwa wakazi wa mtaa, Sombetini, Arusha

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu wa rika langu, na nyinyi vijana mliokatisha kazi zenu mkaja, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya bei ya maji, ili siku tukiitwa kwenye taftishi, yaani mkutano wa hadhara wa kutoa maoni juu ya bei, tusiende mikono mitupu. Mimi nimefundisha hesabu za biashara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ni mwenye nyumba hapa hapa mtaani. Nina vyumba sita vya kupangisha. Kwa hiyo bili ya maji naijua ubaoni, na naijua pia mlangoni kwangu mwisho wa mwezi, wapangaji wamesimama na kila mmoja ana neno lake.

Mita yangu iko kwenye kona ya kiwanja, ndani ya kisanduku cha saruji. Nimeifunika kipande cha bati na juu yake jiwe, watoto wasiichezee. Kioo chake kimefubaa. Msoma mita akija, hulowesha kidole, akakifuta, ndipo tarakimu nyeusi zionekane. Zile nyekundu hazisomi, maana hizo ni lita ambazo bado hazijafika uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Anaandika, anafunika, anakwenda nyumba ya pili. Baadaye ujumbe unaingia kwenye simu yangu: uniti kadhaa, shilingi kadhaa, namba ya malipo. Hapo kazi yangu inaanza.

Kwa miaka nilikuwa nagawa bili kwa vyumba. Vyumba sita, mafungu sita sawasawa, basi. Siku moja kijana mmoja wa bodaboda akaniambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mimi hapa naoga tu asubuhi na usiku. Nguo zangu nafuliwa kwa dada, kule Daraja Mbili. Jirani yangu wako sita. Tunalipaje sawa?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia huo ndio utaratibu wa nyumba. Mwezi uliofuata alihama. Nilimkosea yule kijana, na nimelisema hili mbele yenu kwa sababu wenye nyumba wenzangu mliomo humu wengi mnagawa vile vile hadi leo.

Baada ya yeye kuondoka nilichukua daftari nikaanza kugawa kwa vichwa. Nikadhani nimemaliza. Kumbe hapo ndipo nilipoliona jambo kubwa zaidi: hata nikigawa kwa haki ndani ya ua wangu, bili inanifikia ikiwa imekwisha kupinda. Imepinda kwa sababu aliyeipanga alihesabu mita, hakuhesabu familia. Hilo ndilo lililonileta hapa jioni hii.

Lakini nianze na bei yenyewe inavyotoka, maana wengi tunaona namba tu.

Mamlaka ya maji ya mji haijiamulii bei. Inaandika maombi, inayapeleka EWURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa nishati na maji nchini. Maombi hayo yanaeleza gharama: umeme wa pampu, dawa za kutibu maji, mishahara, matengenezo ya mabomba, mafuta ya magari, uchakavu wa mitambo, na mikopo kama ipo. Jumla ya gharama hizo inagawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Halafu inaamuliwa nani abebe kiasi gani: nyumba za kuishi, biashara, viwanda, taasisi, na vile vituo vya kuchotea maji kwa ndoo. Kisha EWURA inaita taftishi, ambako mwananchi yeyote ana haki ya kusimama na kusema, na pia wanapokea maoni ya maandishi. Lipo na Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo kazi yake ni kututetea sisi. Baada ya hapo ndipo agizo la bei linatolewa.

Sasa hapo kwenye kugawanya pana jambo moja la kulitazama kwa karibu. Gharama zinagawanywa kwa uniti zilizouzwa, na zilizouzwa siku zote ni pungufu ya zile zilizozalishwa. Tuseme kuzalisha uniti 100 kumegharimu shilingi 60,000. Zikiuzwa zote, kila moja inabeba shilingi 600. Zikivuja 40 njiani, au zikaibwa, au zikapita kwenye mita mbovu, gharama ni ile ile 60,000, ila sasa wanaoibeba ni uniti 60. Kila moja inabeba 1,000. Bomba lililopasuka kule barabarani, mnaloliruka kila asubuhi mkienda kazini, limo ndani ya bili zenu. Kwa hiyo mtu akituambia gharama zimepanda, swali letu la kwanza liwe: upotevu wa maji ni asilimia ngapi, na mwaka kesho mnaahidi ngapi?

Na gharama za mji mmoja si za mji mwingine. Ndugu zetu wa Moshi wana chemchemi nyingi zinazotoka miguuni mwa Kilimanjaro, Nsere, Shiri na nyinginezo, na sehemu kubwa ya maji yao yanashuka kwa mserereko. Mlima unafanya kazi ya pampu bure. Sisi Arusha tuna mlima pia, Meru, na chemchemi tunazo, lakini miamba yake ya volkano imetia maji yetu floraidi. Hakuna haja ya kuwaeleza nyinyi floraidi ni kitu gani. Tunaiona kwenye meno ya watoto wetu, na wengine tumeiona kwenye miguu iliyopinda. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kwa sababu maeneo kama yetu yasingepata maji kabisa kwa kipimo cha kimataifa. Sasa kiwango chetu ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Hilo ni jambo jema sana na lina bei yake. Kisima kilicho karibu chenye floraidi nyingi hakifai peke yake. Yanatafutwa maji mbali, yanachimbwa kina kirefu, yanapandishwa kwa umeme, yanachanganywa. Ule mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, ambao sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudiwa kuutoa mji huu kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200. Visima virefu na pampu kubwa havinywi maji, vinakunywa umeme. Na kwenye taftishi tuulize bila woga: deni la mradi huu linalipwa na Hazina, au limo ndani ya uniti yangu?

Nimesema haya ili mtu asiende kule kupiga kelele "bei ishuke" kisha akae chini. Bei ikiwa ndogo mno mamlaka inashindwa kununua hata kiungo cha bomba, na maji yakikatika anayeumia ni asiye na tangi. Mwenye tangi la lita 5,000 juu ya paa hata hajui kama maji yalikatika. Sisi tunatoka na dumu. Dumu likiuzwa shilingi 50 tu, uniti imekuwa 2,500. Likipandishwa na mkokoteni hadi 500, uniti imekuwa 25,000. Hakuna bei ya uniti ya mamlaka inayofika hiyo 25,000.

Turudi kwenye mita moja na familia sita.

Miji mingi duniani inapanga bei ya nyumba za kuishi kwa ngazi. Uniti za mwanzo bei nafuu, zinazofuata ghali zaidi, za juu kabisa ghali sana. Nia ni njema: maji ya kunywa, kupikia na kuoga yawe rahisi, na anayemwagilia bustani na kuosha magari matatu alipe zaidi. Ukisikia hivyo unasema naam, hii ni haki ya maskini. Naombeni kalamu na karatasi.

Tuchukue bei za mfano, si za mamlaka yoyote. Uniti 5 za kwanza, shilingi 1,000 kila moja. Kuanzia ya 6 hadi ya 15, shilingi 1,500. Zaidi ya hapo, 2,000. Familia moja ya watu watano ikitumia uniti 5 kwa mwezi, ni kama lita 167 kwa siku, madumu nane na kitu. Kila mtu anapata lita 33. Umoja wa Mataifa unasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili aishi kwa usafi na afya. Kwa hiyo hii ni familia inayobana maji, na ikiwa na mita yake inalipa 5,000.

Familia sita za namna hiyo, kila moja na mita yake, zinalipa jumla 30,000.

Sasa ziweke kwenye ua mmoja, mita moja. Mita inasoma uniti 30. Tano za kwanza ni 5,000. Kumi zinazofuata ni 15,000. Kumi na tano zilizobaki ni 30,000. Jumla 50,000. Watu ni wale wale, maji ni yale yale, hakuna aliyeacha bomba wazi, na bili imeongezeka 20,000.

Halafu kuna nyumba ya peke yake, upande wenye viwanja vikubwa, mtu na mkewe na mtoto na bustani ya maua. Wanatumia uniti 15. Wanalipa 20,000, yaani wastani wa shilingi 1,333 kwa uniti. Ua wetu, ambako mtu anaoga kwa nusu ndoo, unalipa wastani wa 1,667. Ngazi iliyojengwa ili tajiri apande, sisi ndio tumesukumwa juu yake.

(Mama mmoja hapa mbele ametikisa kichwa. Mama, rudia hesabu hiyo nyumbani na mwanao wa kidato cha pili. Itatoka hivyo hivyo.)

Jambo hili halikuanza Arusha wala si la Waafrika peke yetu. Los Angeles, Marekani, walipigwa na ukame mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1993 wakaweka bei mpya ya ngazi ili watu wabane maji. Wakazi wa bonde la San Fernando wakaja juu. Kwao joto ni kali kuliko pwani, viwanja ni vikubwa, na wapo wenye familia kubwa, lakini kiwango cha kuingia ngazi ya juu kilikuwa kimoja kwa jiji zima. Walipiga kelele, wakaenda na hesabu zao, na mwaka 1995 jiji likarekebisha: ngazi ikaanza kuangalia ukubwa wa kiwanja, joto la eneo, na idadi ya watu wanaoishi ndani ya nyumba. Mimi hilo la kiwanja silipendi, maana linampunguzia mwenye nafasi. Lakini la idadi ya watu nalichukua mikono miwili.

Na karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini. Huko kila kaya ilipewa lita 6,000 bure kwa mwezi. Hesabu yake: watu wanane, lita 25 kila mmoja kwa siku, siku 30. Vizuri. Lakini Johannesburg ikazitoa kwa kiwanja, na kule Phiri, Soweto, uani kuna vibanda vya nyuma, kama kwetu. Lindiwe Mazibuko na wenzake wanne walikwenda mahakamani. Kwake waliishi watu wapatao 20 kwenye kiwanja kimoja. Lita 6,000 kwa watu 20 ni lita kumi kwa siku kwa mtu, nusu dumu. Walishinda mahakama za chini, na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ikawakatalia, ikasema sera ya jiji ilikuwa na busara ya kutosha. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Ilinifundisha kwamba jambo hili ukisubiri kulipeleka mahakamani umechelewa. Linatakiwa kusemwa siku bei inapopangwa, pale kwenye taftishi.

Kuhusu majitaka nitasema kwa kifupi, ila msilisahau. Hakuna mita kwenye bomba la majitaka. Wanachofanya watu wa maji ni kukadiria: wanasema takriban asilimia 80 ya maji uliyotumia yanarudi kwenye bomba, kisha wanatoza kwa makadirio hayo. Kwa mwenye bustani, maji mengi yameishia ardhini na bado anatozwa. Baadhi ya miji ya Marekani imelitatua hili kwa kuangalia matumizi ya miezi ya baridi, wakati hakuna anayemwagilia, na kutumia wastani huo mwaka mzima. Sisi hatuna theluji lakini tuna masika, inawezekana. Ila kwetu swali zito ni jingine. Mabomba ya majitaka yanayokwenda kwenye mabwawa kule Terrat hayajafika kwa wengi wetu. Sisi tuna mashimo. Likijaa tunaita gari la kunyonya, na gari hilo linalipwa taslimu kwa tripu, siku hiyo hiyo, hakuna bili ya mwisho wa mwezi. Ikiwa gharama za mabomba ya majitaka zimechanganywa ndani ya bei ya maji ya kila mtu, basi mwenye shimo anamlipia mwenye bomba, halafu anamlipa mwenye gari. Tuombe hesabu hizo mbili zitenganishwe, kila moja ionekane.

Na wale wanaokumbuka malipo ya huduma ya kila mwezi, ile sevisi chaji iliyolalamikiwa nchi nzima hadi ikaagizwa iondolewe: nilifurahi kama nyinyi. Lakini pampu haikuacha kula umeme siku ile. Kilichokuwa kinalipiwa kule lazima kilipiwe kwingine, na kwingine ni kwenye uniti. Ukiondoa mzigo begani tazama umeuweka wapi.

Nini tuombe, basi? Nimefikiria njia tatu na nitasema wazi ninayoipenda.

Njia ya kwanza ni kila familia kuwa na mita yake. Ni safi, inamaliza ugomvi wa uani. Lakini mita ina gharama, bomba la ndani inabidi lipasuliwe upya, na nani atalipa? Mwenye nyumba atapandisha kodi. Naijua hiyo, mimi ndiye mwenye nyumba. Njia nyingine ni kufuta ngazi, bei iwe moja kwa nyumba zote za kuishi. Ua wetu ungepona, ila yule bibi anayeishi peke yake na kutumia uniti mbili angepanda.

Ninayoipenda mimi ni hii: ngazi zibaki, lakini zihesabiwe kwa familia zilizo nyuma ya mita. Ua wenye familia sita upewe uniti 5 nafuu mara sita, yaani 30, ndipo ngazi ya pili ianze. Wataniambia watu watadanganya, kila mtu atasema ana familia kumi. Nawajibu: mwenyekiti wetu huyu hapa, na balozi, wanajua nani anaishi wapi, mtu akitaka barua ya dhamana, ya kufungua akaunti, ya mtoto shule, anakwenda kwao. Kuanzia tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa sote, mlango kwa mlango, kwa kaya. Nchi iliyoweza kutuhesabu hivyo haishindwi kujua kwamba nyuma ya mita ile kuna milango sita. Barua ya mtaa, inayohuishwa kila mwaka, ingetosha kuanzia.

Na wenye nyumba wenzangu, hili lina sharti kwetu. Nafuu hiyo ikija, iwafikie wapangaji. Bili ibandikwe ukutani, kila mtu aione, na mgao uwe kwa vichwa. Kwangu inabandikwa karibu na bomba, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Pembeni nimeandika majina ya familia na idadi ya watu. Mgeni akija kukaa mwezi mzima, tunaongeza mstari. Tangu nianze, ugomvi wa maji uani kwangu umebaki mmoja tu, wa nani afunge bomba la nje usiku.

EWURA hawatatusikiliza kwa sababu tumeumia; kila mtu kule anakuja ameumia. Watatusikiliza tukienda na namba. Kwa hiyo nimekuja na daftari jipya. Kila nyumba ya mtaa huu naomba ituletee bili zake tatu za mwisho, idadi ya familia zinazotumia mita hiyo, idadi ya watu, na kama choo ni cha bomba au cha shimo. Majina hatuandiki, tunaandika namba ya mstari tu. Wapangaji ambao hamjawahi kuiona bili ya nyumba mnamoishi, kesho muiombeni kwa mwenye nyumba, kwa adabu. Na akikataa, mwambieni mwalimu ndiye aliyewatuma.

Katibu wetu amekaa kule mlangoni na kalamu nne. Waliokuja na bili leo waanze, mstari wa mbele kwanza, kina mama wenye watoto mgongoni wasisimame.